Picha kwanza, mionzi baadae: namna ya kujiweka ili mashine ipige panapotakiwa

Kuna kitu wagonjwa wengi hawakijui mpaka siku wanayolala juu ya kile kitanda kigumu: mashine ya mionzi haioni kansa. Haioni kabisa. Yenyewe inajua nukta moja tu hewani, ambayo kwa mashine nyingi ipo sentimita 100 kutoka pale mionzi inapotokea, na mkono wake mkubwa unazunguka kuizunguka hiyo nukta kama mtoto anavyozunguka mlingoti. Ukiweka uvimbe pale kwenye nukta, inapiga uvimbe. Ukiweka kibofu, inapiga kibofu, wala haitakuuliza. Kwaiyo kazi nzima ya kuupeleka uvimbe kwenye ile nukta, kila siku, kwa tofauti ya milimita chache, inafanywa na picha na watu wanaozisoma, na wewe unayelala pale una mchango wako ambao hakuna wa kukufanyia.

Mi nipo upande wa wale wanaokulaza, wanakunyoosha, wanatoka nje mbio mlango ukifungwa, alafu wanakupiga picha. Naandika haya kwa anayeanza mionzi na kwa ndugu yake anayemsindikiza, manake maswali ni yaleyale kila wiki na majibu tunayatoa mtu akiwa tayari amelala na ameshaogopa. Maelekezo ya idara yako ndo ya kufuata, kila sehemu ina utaratibu wake, hapa nakupa sababu zilizo nyuma ya hayo maelekezo ili usiyafuate kikasuku.

Siku ambayo itajirudia

Siku muhimu kuliko zote ni ile ya sitiskani (CT scan) ya kupanga, yaani picha za kutengenezea mpango wa mionzi yako, na cha ajabu ndo siku watu wanakuja hawajajiandaa, wanaona kama ni kipimo kingine tu. Swali la kwanza huwa "mi nimeshapiga sitiskani, ipo hapa kwenye bahasha, mbona napigwa tena?" Ile ya kwanza ilikuwa ya kutafuta ugonjwa, ulilala kwenye kitanda chenye bonde, mikono popote, ukavuta pumzi ukashikilia. Hii ya sasa unalazwa kwenye ubao wa bapa unaofanana na wa mashine ya mionzi, kwa mkao uleule utakaolala nao siku zote za matibabu. Alafu kompyuta ya kupanga dozi inazitumia hizi picha kama hesabu: kila kitone cha picha kina namba, maji ni 0, hewa ni -1000, mifupa inapanda mamia kwenda juu, na kwa hizo namba ndo inajua mionzi itapungua nguvu kiasi gani ikipita kwenye pafu au kwenye nyonga. Bahasha yako bado ina kazi, ilete, daktari ataiangalia, ila haiwezi kubeba mpango.

Sasa ushike hili moja: vile utakavyokuwa siku hiyo, ndo vile tutakutaka uwe siku zote zinazofuata. Kama kibofu kilikuwa kimejaa, kila siku kijae. Kama tumbo lilikuwa tupu, kila siku liwe tupu. Kama ulikuja na nywele za kusuka zimefungwa juu kichwani, maski (ile plastiki ya kushikilia kichwa kisisogee, nitaieleza chini) itachukua umbo la hizo nywele, ukizifumua wiki ijayo maski inapwaya. Wenye kansa ya kichwa na shingo nawaambia kabisa, amua nywele na ndevu zako kabla ya siku ya maski, kata au acha, alafu baki hivohivo mpaka mwisho. Meno ya bandia pia uliza mapema, unayavaa au unayatoa, na ukishaambiwa usibadilishe.

Na maumivu. Hapa watu wanajikaza kiume, na akina mama nao wanajikaza kuliko hata wanaume. Mtu anaulizwa "bega linauma ukinyanyua mkono hivi?" anasema hapana, sawa tu, anavumilia zile dakika 20 za sitiskani. Alafu siku ya tatu ya mionzi bega limegoma, mkono haupandi pale ulipokuwa, na mkono ukishuka na ngozi ya kifua inahama nao, na titi linahama, mpango wote unayumba. Sema siku ya kwanza! Tukijua tunakuwekea mto, tunashusha kishikio, tunatafuta mkao utakaouweza kwa siku 15 au 35. Kama una dawa ya maumivu umeandikiwa, muulize daktari kama uinywe nusu saa au saa moja kabla ya kulala kwenye ubao.

Mambo mengine ya kusema bila kuulizwa: ujauzito au hata wasiwasi wa ujauzito, figo, kisukari hasa kama unatumia metformini, mzio wa dawa inayochomwa kwenye mshipa wakati wa sitiskani, kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo, chuma chochote mwilini, na kama umewahi kupigwa mionzi huko nyuma hata kama ni miaka 20 iliyopita. Hiyo ya mwisho usiisahau hata kidogo.

Maski yenyewe

Nieleze maski vizuri manake ndo inatisha watu. Ni bamba la plastiki lenye matundu matundu kama wavu, likiwa baridi ni gumu kama sahani. Tunalitumbukiza kwenye maji ya moto ya nyuzi kama 70 hivi, linalainika, linakuwa la kuning'inia kama taulo lililolowa. Tunalitoa, tunalifuta maji, tunalipima kwa mkono wetu kwanza, alafu watu wawili tunalishusha usoni kwako, mmoja kila upande, tunalivuta mpaka linabana kwenye fremu ya ubao, klik klik. Linakuwa la uvuguvugu, mtu mmoja aliniambia ni kama kitambaa cha kinyozi. Tunalibonyeza taratibu kwenye paji, kwenye mfupa wa pua, kidevuni. Ndani ya dakika chache linaanza kukaza na hapo ndo moyo wa mtu unaanza kwenda mbio. Unapumua kawaida, matundu yapo. Huwezi kuongea sana wala kufungua mdomo, kwaiyo kubaliana na watu wako ishara: nyanyua mkono tu, tunakuona kwenye kamera, tunazima tunaingia.

Mwenye hofu ya kubanwa aseme kabla, sio baada. Kuna maski za kuachwa wazi machoni, kuna dawa za kutuliza, na kuna njia rahisi kuliko zote ambayo mi naipenda: mtu anakuja siku moja kabla anashika lile bamba mkononi, analiweka usoni mwenyewe, anapumua nalo. Nusu ya hofu inaishia hapo.

Kwa sehemu zingine za mwili hakuna maski, kuna godoro la punje ndogondogo tunalifyonza hewa linakuwa gumu na umbo lako, kuna vishikio vya magoti, kuna ubao wa titi wenye mteremko. Alafu tunakuwekea alama kwenye ngozi, kwa kawaida nukta tatu, zingine za wino wa kalamu na zingine za tatuu ndogo kama ncha ya kalamu. Mistari ya leza ya ukutani inatua kwenye hizo nukta na ndo mwanzo wetu kila siku. Kama ni za wino usizisugue bafuni, na zikififia usizichore mwenyewe nyumbani! Nimeona mtu kaja na alama nzuri kali kabisa, kazichora na mke wake kwa kalamu, zimehama karibu sentimita nzima. Afadhali zifutike zote.

MRI na PET zinaingia wapi

Sitiskani inajua mifupa na hesabu za dozi, lakini kwenye nyama laini inachanganya, kila kitu kijivu. Tezi dume kwa mfano, mara nyingi kwenye sitiskani inaonekana kubwa kuliko ilivyo, mpaka wake na misuli ya jirani haueleweki. MRI, ile picha inayotumia sumaku, inauonyesha ule mpaka. Ubongo vilevile, shingo ya kizazi vilevile. Kwaiyo tunachukua MRI tunailaza juu ya sitiskani kwenye kompyuta, tunazisogeza mpaka mifupa na viungo vikalandana, daktari anachora kwa kuangalia zote mbili kwa pamoja. Ukiambiwa nenda MRI "kwa ajili ya mionzi", waambie wa MRI hivohivo, manake kuna sehemu watataka ulale kwa mkao wa mionzi, na ikipigwa wiki nyingi kabla uvimbe unaweza kuwa umebadilika.

PET yenyewe inafuata sukari. Unachomwa sukari iliyofungwa na kitu chenye mionzi kidogo, floraini-18, ambacho nguvu yake inapungua nusu kila dakika 110 hivi, na seli za kansa nyingi zinakula sukari kwa pupa kwaiyo zinawaka kwenye picha. Ndo maana unaambiwa usile masaa 4 mpaka 6, unywe maji tu, usifanye mazoezi makali siku iliyotangulia, na ukishachomwa ukae kimya kama saa nzima. Ukipiga soga sana misuli ya koo inakula sukari inawaka, na daktari wa koo atakaa anajiuliza ile ni nini. Ubongo unawaka wenyewe kila siku, kibofu kinawaka, na maambukizi nayo yanawaka, kwaiyo usichukue simu ukapiga picha ya skrini ukaanza kuhesabu vitu vinavyong'aa. Subiri ripoti.

Kwa mapafu na ini kuna sitiskani ya aina yake, inapiga huku unapumua na baadae kompyuta inapanga picha kwa hatua za pumzi, ukiangalia unaona uvimbe unapanda na kushuka kama boya. Hapo cha kufanya ni kupumua kawaida yako. Sio kwa heshima. Kuna watu wakiona mashine wanapumua taratibu utadhani wapo kwenye ibada, alafu siku za mionzi wameshazoea wanapumua vingine, na uvimbe unatoka nje ya eneo tulilopanga.

Kwanini tunang'ang'ania milimita

Daktari akishachora uvimbe anaoona, anaongeza eneo ambalo haoni kitu ila kwa uzoefu seli za kansa huwa zinajificha humo, alafu nje ya hapo tunaongeza ukingo wa tatu, huu ni kwa ajili ya mashaka yetu tu: kwamba leo umelala tofauti kidogo, kwamba kiungo kimehama. Huo ukingo wa tatu ni nyama nzima isiyo na ugonjwa ambayo inapigwa dozi kamili. Chukua uvimbe wa duara wenye upana wa sentimita 4. Peke yake una ujazo kama wa mililita 33. Ongeza ukingo wa milimita 5 kila upande, ujazo unakuwa kama 65. Ongeza milimita 10 badala ya 5, unafika 113. Yaani milimita 5 tu za mashaka zimekaribia kuzidisha mara mbili sehemu inayoungua. Na kinachofanya daktari na mwanafizikia tiba wakubali ukingo mdogo ni picha za kila siku, na mgonjwa anayejirudia. Ndo maana nesi akikukuta hujanywa maji anakunja uso, sio roho mbaya.

Kila siku kwenye chumba cha mionzi

Utaitwa jina, utaulizwa tarehe ya kuzaliwa au namba, kila siku, hata siku ya 30 ambapo tunajuana mpaka majina ya watoto. Jibu tu. Unalala, tunalegeza nguo, tunakusogeza. Na hapa kuna siri ya kukusaidia: usitusaidie. Tukikuvuta shuka kwenda kulia, lala mzito kama gunia. Mtu akijiinua kidogo "kuturahisishia" misuli inakaza, tukimwachia anarudi, na tumepoteza dakika mbili.

Tukitoka nje tunapiga picha kabla ya mionzi. Zipo za aina mbili tatu. Kuna eksirei mbili, moja ya mbele moja ya ubavu, zinazoonyesha mifupa vizuri. Kuna ile sitiskani ndogo inayopigwa na mashine yenyewe ya mionzi, mikono yake ya pembeni inakuzunguka taratibu kama dakika moja hivi, na hiyo inaonyesha na viungo laini, sio kwa uzuri wa sitiskani kubwa ila inatosha. Na kuna kamera za darini zinazosoma umbo la ngozi yako kwa mwanga tu, bila mionzi yoyote, zinatuambia ukisogea. Wengine wanawekewa punje ndogo za dhahabu kwenye tezi dume, mara nyingi tatu, kabla hata ya sitiskani ya kupanga, na tunaachia siku kadhaa zitulie. Hizo kwenye eksirei zinaonekana wazi kama nyota tatu na tunalenga kwa hizo.

Kwenye skrini yetu picha ya leo inalazwa juu ya ile ya siku ya kupanga. Tunaangalia mifupa kwanza, alafu kiungo chenyewe, alafu ile mistari aliyochora daktari. Kompyuta inasema mfano kitanda kiende milimita 3 kushoto, 2 chini, 4 kuelekea kichwani, tunakubali au tunakataa, kitanda kinasogea chenyewe huku wewe umelala, usishtuke. Baada ya hapo ndo mionzi inawashwa, kwa kawaida dakika chache tu, hauoni kitu wala huhisi kitu.

Watu wanauliza, hiyo picha ya kila siku si nayo ni mionzi? Ndio ni mionzi. Ila kipindi kimoja cha kawaida cha matibabu ni grei 2 (grei ndo kipimo cha dozi ya mionzi), ambayo ni miligrei 2000, na ile sitiskani ndogo ni miligrei chache mpaka makumi tu kutegemea sehemu. Kupiga bila kuangalia ndo ghali.

Kisa cha gesi

Nikupe mfano mmoja ambao ndo ulinifanya niache kabisa kuwaonea huruma watu kwenye suala la tumbo. Mzee mmoja, tezi dume, wiki ya pili, mtu wa utani sana. Kalala, nukta zake tatu zimekaa kwenye leza sawasawa, ukimwangalia kwa macho ungesema washa mashine twende. Tukapiga sitiskani ndogo. Mifupa ya nyonga imelandana vizuri mno. Ila nyuma ya tezi, pale puru (mwisho wa utumbo mpana) inapopita, kuna duara jeusi kubwa, gesi tupu, nyeusi ti, na ile tezi imesukumwa mbele karibu milimita 8. Ukuta wa puru umeingia ndani kabisa ya mstari wa dozi kubwa. Sasa ungelenga kwa mifupa pekee usingejua lolote, na huko nyuma kabla ya hizi picha kuwepo ndo hivo ilivyokuwa inaenda.

Tukaingia, nikamwambia mzee wangu shuka, nenda chooni, tembea kidogo, urudi. Akanuna kweli, kasafiri, kanywa maji yake, kasubiri, alafu anaambiwa ashuke kwa ajili ya gesi! Karudi baada ya dakika 40, tumepiga tena picha, tezi ipo nyumbani kwake, tukaendelea. Baadae alikiri kwamba ile wiki alikuwa ameacha dawa ya kulainisha choo kwa sababu anajisikia vizuri.

Kwaiyo kama kansa yako ipo kwenye nyonga, iwe tezi dume, shingo ya kizazi, kibofu au puru, hii sehemu isome mara mbili. Utapewa ratiba ya kibofu, nyingi zinafanana: kojoa umalize, kunywa kiasi fulani cha maji, mfano mililita 350 au 500, kwa muda mfupi, alafu subiri nusu saa au dakika 45. Pima kwa chupa moja hiyohiyo kila siku, sio "glasi kama mbili hivi". Weka kengele ya simu. Kunywa maji vizuri tangu jana yake, manake mwili mkavu unayameza yale maji yote na kibofu kinabaki kidogo. Usijitie ushujaa pia kuja na kibofu cha lita nzima, kilichopitiliza nacho kinasukuma vitu na utaomba kushuka katikati. Kibofu kilichojaa kiasi kinasogeza utumbo mdogo juu mbali na mionzi, hiyo ndo faida yako, kuharisha kunapungua. Upande wa choo, nenda kabla ya kuja, fuata dawa ulizopewa, na vyakula vinavyokujaza gesi wewe mwenyewe unavijua, vipumzishe hizo wiki. Mashine ikichelewa, njoo utuambie "nilimaliza kunywa saa nne kamili", tutakupangia tena. Usikae benchi unaumia kimya.

Kwa titi la kushoto kuna kazi nyingine, kuvuta pumzi na kuishikilia kama sekunde 20 hivi. Pafu likijaa linausogeza moyo nyuma na chini, mbali na titi, ukiona kwenye picha unashangaa, ile nafasi inafunguka kabisa. Fanya mazoezi nyumbani ukiwa umelala chali, mikono juu ya kichwa, vuta kwa kifua sio kwa kutunisha tumbo wala kuinua mgongo. Kamera zinaona kifua chako kimefika usawa uliopangwa, mionzi inawaka. Ukiachia pumzi mapema inazimwa, hakuna kilichoharibika, pumua ujaribu tena.

Mambo yakibadilika katikati

Mwili wa wiki ya kwanza sio wa wiki ya nne. Wa kichwa na shingo ndo wanaobadilika zaidi, koo limewaka, kula kumekuwa shughuli, kilo zinashuka. Maski iliyokuwa inabana inaanza kupwaya, kidole kinapita kati ya plastiki na shavu. Ukihisi unaweza kugeuza kichwa ndani ya maski, tuambie siku hiyohiyo, usifurahie kwamba imekuwa nzuri haibani. Kwenye picha tunaona tezi za mate zimesogea kuelekea kwenye dozi, uti wa mgongo umekaa tofauti, au uvimbe umepungua umeacha nafasi. Ikizidi kiwango daktari anaagiza sitiskani mpya na maski mpya na mpango mpya, na hapo ndugu wanaingia hofu wanafikiri ugonjwa umeenea. Mara nyingi ni kinyume chake, uvimbe umeyeyuka au mtu amekonda. Ila kama ni kukonda, basi kula kwako ni sehemu ya kulenga mionzi, mwone mtaalamu wa lishe mapema kabla koo halijakataa.

Wa mapafu nao, kama kulikuwa na sehemu ya pafu imeziba na hewa imerudi, vitu vyote kifuani vinajipanga upya. Kikohozi kipya, homa, kukosa pumzi, sema kabla ya kulala, usisubiri siku ya daktari.

Mionzi ya ndani

Hii nitaipitia haraka. Shingo ya kizazi mara nyingi inamalizwa kwa mionzi ya ndani, ambapo mrija mwembamba wa kupitishia mionzi unawekwa kwenye kizazi ukiwa umepewa ganzi au usingizi, mara nyingi huku altrasaundi ikiangalia usitoboe ukuta. Alafu unapelekwa MRI au sitiskani na vile vyombo vikiwa ndani. Zamani ilikuwa eksirei tupu na dozi inahesabiwa kwenye nukta ya kukadiria, sentimita 2 juu na sentimita 2 pembeni, kwa kila mwanamke sawa, mwenye uvimbe mdogo na mwenye uvimbe mkubwa. Sasa palipo na picha nzuri dozi inachongwa kufuata uvimbe wako. Kazi yako hapo ni kutosogea kati ya picha na mionzi, hata kujigeuza nyonga kidogo. Maumivu yakija omba dawa, usijigeuze.

Ukimaliza

Picha ya kuangalia kama mionzi imefanya kazi haipigwi wiki hiyohiyo, hata ukisisitiza vipi. Nyama iliyopigwa inavimba na kuwaka kwenye PET kama vile ugonjwa upo, ndo maana kwa kichwa na shingo kwa kawaida wanasubiri kama wiki 12. Kusubiri kunakera, najua, ila picha ya mapema italeta hofu na pengine upasuaji usiohitajika.

Na kabla hujaaga, omba muhtasari wa matibabu yako kwa maandishi: sehemu iliyopigwa, grei ngapi, vipindi vingapi, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kama wanaweza nakala ya mpango na picha zake kwenye CD au flashi. Weka pamoja na cheti cha kuzaliwa. Siku mtu atataka kukupiga mionzi tena jirani na hapo, mfano uti wa mgongo ulishakula grei 40, kitu cha kwanza atakachotafuta ni hiyo karatasi, na akiikosa italazimu akadirie.